Salamu Isiyotaja Jina

Mtaa wa Wabera,
Isiolo.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Habon,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na viungo vyako vyote, hasa hicho kifua ulichosema kinakusumbua tangu baridi ya Ohio ianze. Unakunywa tangawizi? Sitaki kusikia habari za vidonge kabla sijasikia habari za tangawizi. Sisi huku ni wazima, Alhamdulillahi. Jua ni kali, upepo unatutilia vumbi mpaka kwenye chai, na mvua ya Novemba ilipita kama mgeni mwenye haraka, hata hakukaa. Lakini tupo.

Utashangaa shangazi yako kushika kalamu na simu ipo. Sababu ni kwamba nikirekodi sauti, Ayeyo yuko chumba cha pili, na masikio ya nyanya yako hayajazeeka hata kidogo. Ninayotaka kukuambia hayafai ayasikie. Kwa hiyo naandika, na Kowsar ataipiga picha karatasi akutumie. Usiucheke mwandiko wangu. Mara ya mwisho kuandika zaidi ya nusu ukurasa nilikuwa na meno yote.

Habari ndogondogo kwanza. Biashara ya maziwa imelegea, maana ngamia wamesogezwa mbali kutafuta malisho na mitungi inayofika hapa asubuhi ni michache. Ami yako Abdisamad alikwama na lori njia ya Merti, tukakaa bila habari zake, kisha akarudi na mbuzi watatu ambao mpaka leo hajaeleza walitoka wapi. Binti yangu Kowsar amemaliza masomo ya ushonaji na sasa anapima kila anayeingia nyumbani, hata wageni wasiotaka nguo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, la macho ya Ayeyo.

Unajua jicho la kulia lilizibwa na mtoto wa jicho zamani. La kushoto nalo kwa miaka mingi limebaki kuona mwanga wa mlango tu. Madaktari wa macho watakuwa hapa mjini kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na saba, kabla Ramadhani haijaingia. Mmoja wao alimpima walipopita mwezi uliopita, akasema macho yote mawili yanapasulika na ataona tena. Akasema pia tusingoje, kwa sababu hawajui watarudi lini. Sisi tulirukaruka kwa furaha. Ayeyo akasema yeye si mbuzi wa kupitishiwa kisu. Tukambembeleza, tukaleta jirani aliyepasuliwa akapona, wapi! Mwishowe akasema neno moja: katika ukoo huu aliyesomea magonjwa ni Habon. Habon akimwambia aende, atakwenda.

Hayo nilikwambia, na wewe, Mungu akubariki, ulituma sauti siku ileile. Kilichofuata ndicho ambacho sikukwambia.

Tangu macho yake yazime, Ayeyo ameweka sheria mlangoni mwake. Hakuna anayetaja jina. Unatoa salamu tu, unasimama, na yeye anakwambia wewe ni nani, mtoto wa nani, na pengine kwamba umelala vibaya. Mtaa mzima unaijua sheria hiyo. Hata Ekitela anayetuletea maji kwa mkokoteni wa punda husema, "Habari ya asubuhi, mama," halafu hungoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ayeyo hajawahi kukosea. Katika maisha yake ya sasa, nadhani hilo ndilo linalompa raha kuliko yote.

Basi nikamwekea simu sikioni. Ukatoa salamu. Ukaeleza vizuri sana, matone ya ganzi, dakika chache, hakuna maumivu, kesho yake bandeji inatolewa. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaijibu simu namna anavyomjibu mgeni aliyetoka mbali: "Waaleikum salaam, mama. Watu yako wako na amani? Mvua imenyesha kwenu? Mifugo iko salama?" Akanigeukia. "Naa Fahmo, huyu ni mtoto ya nani? Anaongea vizuri. Mwambie asante. Lakini mimi nangoja Habon."

Nikamwambia ni wewe. Kowsar akaapa. Ayeyo akacheka, akasema tumemkodi msichana ili tumpeleke hospitali kwa hila. Tangu siku hiyo kila tukigusa habari ya macho anauliza tumelipa pesa ngapi.

Kowsar akajaribu kutengeneza mambo. Akamchezea ile sauti yako ya zamani, ya wiki uliyofika Amerika, unaposimulia theluji iliyofunika gari lako. Hukumaliza hata salamu, Ayeyo akapiga makofi: "Habon!" Uso wote ukafunguka. Akaitaka tena na tena. Kisha akasema, "Sasa mbona haongei ya macho? Anaongea ya theluji tu." Kowsar akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya choo analia.

Nami nikajifungia nikakusikiliza upya. Ni kweli. Kiswahili ni chako, maneno ni yako, lakini umeyapitisha puani na kuyakunjia ulimi kama hao wa kwenye sinema. Nilikasirika, sitakuficha. Nilisema mtoto wa kaka yangu Shuriye amejisahau, Bristol ya Uingereza haikumtosha, sasa anataka kuwa Mmarekani kuliko Wamarekani. Nilipima maziwa siku mbili nikiwagombeza wateja.

Baadaye nikakumbuka uliyonisimulia, na hasira ikapungua.

Ulisema ulipofika Columbus, huko Ohio, watu waliupenda ulimi wako wa Kiingereza cha Uingereza mpaka ukaona haya. Dukani wanaitana waje wasikie. Wanakuomba uwasomee karatasi ya biskuti. Wanakuuliza kama umewahi kunywa chai na mfalme. Kwenye simu wewe ni bibi mkubwa, lakini wakikuona na hijabu yako wanachungulia nyuma yako, Mwingereza amebaki wapi. Hata Wasomali wenzetu msikitini wanakuita Ingiriis. Hapo tulicheka wote, mimi na wewe.

Kisha ikaja habari ya yule mzee kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi. Ulipokabidhi zamu uliwaambia wenzako koo lake halimezi, asipewe chakula kikavu. Wakatabasamu. Mmoja akakwambia angeweza kukusikiliza siku nzima. Jioni mzee akapewa mkate, akapaliwa, nusura afe. Ukaniambia, "Eedo, hapa wanasikiliza sauti yangu, hawanisikilizi mimi." Ni baada ya hapo ulianza kuukunja ulimi. Si kwa kujidai. Ulitaka neno lako lifike kabla mtu hajafa.

Maneno hayo nimeyageuzageuza sana, na yamenirudisha hapa kwetu, maana haki isemwe, sisi tulianza kabla ya Wamarekani. Ulipokuja una miaka kumi na miwili, ulikuwa ukienda dukani kununua sukari watoto wa Wabera wanakufuata kama arusi. Ekitela, wakati huo ana kibanda cha peremende, alikuwa akikupa moja ya bure ili useme kitu, chochote. Ulidhani ni ukarimu mpaka ulipoelewa. Ukarudi unalia, unasema hutafungua mdomo mpaka urudi Uingereza. Sisi wakubwa tulikwambia watazoea. Ayeyo peke yake alikuketisha, akasema, "Wacha wacheke. Mimi jicho yangu imeanza kuzima. Sauti kama hii hakuna ingine Isiolo, siwezi kukupoteza." Sijui kama unakumbuka. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu, nikaona ni maneno ya kumtuliza mtoto tu.

Na mimi unadhani nina raha gani? Nikifungua mdomo Nairobi naulizwa nimevuka mpaka lini. Nikifungua mdomo Meru, bei ya ndizi inapanda. Babu yangu aliletwa hapa na Waingereza akiwa askari wao, akapewa mahali pa kukaa, na alipozeeka hakuwa na jeshi ila punda. Basi akawa anawaamrisha wale punda kwa Kiingereza cha gwaride, na wanasimama! Alipokufa, punda hawakumtii mtu mwingine yeyote, ikabidi wauzwe. Leo kitukuu wake amechukua Kiingereza hichohicho na kukipeleka Amerika, na huko nako wanasimama kusikiliza. Nikiwaza hivyo nacheka peke yangu kama mwehu.

Jambo ninalotaka ulifikirie ni hili. Ayeyo alipokuwa msichana alichunga ngamia wa baba yake upande wa Kipsing. Anasema kisimani mifugo ya watu wanne watano huchanganyika, vumbi tupu, huoni ngamia wa nani ni yupi. Hakuna anayehangaika kuwatenganisha kwa fimbo. Kila mchungaji husimama pembeni akaita kwa mwito wake, na ngamia wake wanajitoa wenyewe kwenye kundi. Mwito huo habadilishi hata akiugua. Lakini akienda sokoni kuuza, huongea na mnunuzi kwa lugha ya mnunuzi, kwa sauti ya mnunuzi, na hakuna anayemwona msaliti. Sokoni ni sokoni, kisimani ni kisimani.

Kwa hiyo sikuambii uache Kimarekani chako kazini. Kitumie. Yule mzee anakihitaji, na ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Nakuomba tu usije nacho mlangoni kwa nyanya yako.

Labda utasema ile sauti imepotea, huijui tena ilivyokuwa. Mimi sikubali, na nina ushahidi. Mwishoni mwa ile rekodi, ulipomaliza kueleza, ulikohoa. Ayeyo aliinua kichwa ghafla. Akangoja. Kisha akasema, "Huyu msichana anakohoa kama Habon yetu. Mwambie akunywe tangawizi." Sasa umejua ile tangawizi ya mwanzo wa barua ilitoka kwa nani. Aliituma kwa mgeni, kwa huruma yake tu.

Kila nikikumbuka naumia. Ulipokuja tena ukiwa msichana mkubwa, alikuwa haoni tena, alikupapasa uso kwa vidole na kusema umekonda. Uso wako anaoujua ni wa yule mtoto wa peremende. Wewe una miaka thelathini na moja sasa. Nataka akuone, Habon. Nataka ukija mwezi wa nane usimame pale mlangoni naye akutazame mpaka achoke. Akikosa safari hii ya madaktari naogopa ataondoka duniani akiwa na picha ya mtoto.

Baba yako Shuriye na mama yako Sagal kule Bristol uwape salamu zangu, na umwambie kaka yangu kwamba kumpigia mama yake simu hakuhitaji sikukuu. Abdisamad anakusalimu, na ukitaka mbuzi wapo watatu. Kowsar anakusalimu na anaomba vipimo vyako. Ekitela anauliza kama bado unapenda peremende. Nimemjibu kwamba siku hizi utamlipisha.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe kifua kizima na neno linalosikika, na wazee unaowahudumia awafanye sababu ya wewe kuingia peponi. Amin.

Sasa fanya hivi. Usirekodi ukiwa kazini wala ukitoka kazini. Ngoja siku ya mapumziko. Mpigie baba yako kwanza, mwongee mpaka mgombane kidogo kama kawaida yenu, ulimi ulegee. Halafu piga hapa moja kwa moja, usitume rekodi. Nitamwekea simu sikioni na nitanyamaza. Wewe toa salamu tu. Usimwambie wewe ni nani hata akichelewa kujibu, hata ukiogopa, hata ukiona kimya kimezidi. Mpe nafasi akuite mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipozaliwa,
shangazi yako,
Fahmo