Mbuzi Kabatini

Alhamisi, 6 Novemba
Presha 150 kwa 90. Dawa saa moja, chai bila sukari, kurasa mbili kabla ya saa nne. Goti la kushoto linauma kwenye ngazi tu.

Saa nane basi hadi Matonge, mtaa wa Wakongo, saluni ya Maman Odette. Mwaka wa tatu huu, kila Alhamisi nawasomea yeye na wateja wake nilichoandika. Riwaya isiyo na msikilizaji haiendi, na hapa Brussels wasikilizaji wangu wako kwenye viti vyake. Wao wa Bukavu, mimi wa Kigoma. Wananicheka: "Papa, Kiswahili yako iko sawa ya Biblia!" Kipimo changu ni mikono ya Odette. Ikiacha kusuka, hapo nimeandika vizuri.

Leo sura ya tisa. Afisa wa forodha anaficha mbuzi wa magendo kabatini, askofu anakuja kumtembelea, mbuzi analia katikati ya sala. Walicheka sana. Ila walianza kucheka kabla mbuzi hajalia. Na mikono ya Odette haikusimama hata mara moja. Sielewi.

Ijumaa, 7 Novemba
Daktari. Alinipa maneno matano niyakumbuke, kisha akaniambia nichore saa. Saa nilichora sawa. Maneno nilikumbuka matatu. Nikamwambia hayo ni ya Kifaransa, lugha niliyojifunza nikiwa na miaka arobaini. Aniulize kwa Kiswahili aone. Akatabasamu. Sipendi tabasamu hilo. Ukifika miaka sabini na tano hapa, hata muuza mikate anakusemesha kama mtoto mchanga.

Amenipa barua ya kwenda kupimwa kumbukumbu hospitalini. Nimeiweka mahali salama.

Neema, binti yangu, amepiga simu kutoka Liège. Habari ni ile ile, nyumba ya wazee. Huko chakula cha jioni ni saa kumi na moja, halafu televisheni. Riwaya itaandikwa na nani? Nilimwambia daktari kaniona mzima. Uongo.

Jumanne, 11 Novemba
Sikukuu, maduka yamefungwa. Siku nzuri kuliko zote tangu mke wangu afariki. Kurasa nne bila kufuta neno. Tukio lote limenijia kwa mkupuo: mbuzi mwekundu ndani ya kabati, askofu amefumba macho anasali. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mgonjwa wa akili haandiki hivi. Alhamisi watavunjika mbavu.

Alhamisi, 13 Novemba
Nilifika aya ya pili tu. Msichana mmoja aitwaye Divine, nusu ya kichwa imesukwa, akapasuka kwa kicheko: "Papa, mbuzi tena? Ile ya mu armoire, mu kabati? Mais tulishaisikiaka!"

Odette akampiga kichwani kwa kitana. "Nyamaza, we! Acha papa asome."

Wengine wote waliangalia chini. Nilisoma mpaka mwisho. Sijui kwa nini nilisoma mpaka mwisho. Wakapiga makofi.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimefungua daftari hili kurudi nyuma. 23 Oktoba: nimesoma mbuzi. 6 Novemba: nimesoma mbuzi. Na mwandiko ni wangu. Kwenye faili zipo nakala tatu, zote na tarehe pembeni kama kawaida yangu. Mbuzi wa kwanza mweusi, wa pili wa madoadoa, wa tatu mwekundu. Mengine karibu sawa.

Nakala ya tatu ndiyo bora. Hilo nalo linanichanganya.

Nilimpigia Odette. Kwa nini mlinyamaza? Akasema: "Papa, muntu mukubwa akirudilia maneno, tunasikiliza. Mutoto hawezi kumwambia baba yake, ulishasema. Ni respect." Nikakata simu. Nimemkasirikia. Halafu nikakumbuka babu yangu alivyorudia kisa kile kile cha reli kila jioni, nasi watoto tumekaa kimya, tukishangaa mahali pa kushangaa. Tulidhani hajui. Au alijua?

Jumatatu, 17 Novemba
Sijaandika neno. Ninaogopa. Si kufa. Ninaogopa kubaki kwenye sura ya tisa.

Nimetafuta barua ya daktari saa mbili nzima. Ilikuwa ndani ya kamusi. Nimepiga hospitalini: tarehe 9 Desemba. Nimeomba mkalimani wa Kiswahili. Wamekubali. Kisha nikampigia Neema, nikamwambia ukweli. Alilia kidogo. Atakuja siku hiyo.

Alhamisi, 20 Novemba
Sikwenda saluni. Mvua. Lakini si mvua.

Jumapili, 23 Novemba
Nakala mbili za mbuzi nimezifunga kwa uzi, nimeziweka juu ya kabati. Mwekundu amebaki. Leo ukurasa mmoja: mke wa afisa anafungasha nguo zake. Niliulinganisha na faili lote, mara tatu. Sikuuona popote. Nikaangalia mara ya nne.

Alhamisi, 27 Novemba
Presha 140 kwa 85. Baridi. Nilikwenda.

Kabla ya kusoma nilimpa Odette kurasa azipitie. Nikamuuliza, hizi nimeshasoma hapa? Akazigeuza taratibu, midomo ikitembea. "Hapana, papa. Hii ni mupya." Sikujua ni kweli au ni respect. Nikamtazama Divine, safari hii amekuja na dada yake. Yeye akatazama kucha zake. Labda wamemfunza.

Nikasoma. Mke anakunja kanga, anatoa mbuzi kabatini, anatoka naye mlangoni bila kuaga. Hakuna aliyecheka mapema. Nilipogeuza ukurasa niliinua macho. Mikono ya Odette ilikuwa imesimama hewani, rasta moja imeshikwa katikati ya vidole, haijasukwa.

Niliendelea polepole.