Kwa Baba Neema, aliyetaka ziwa lisitutenge

Mpendwa Baba Neema,

Jana redio ilitaja tena ile jumuiya ya nchi za jirani uliyoipigania, nami nikageuka kukuita uje usikie. Jina lako lilikuwa limekwisha kunitoka mdomoni ndipo nikakumbuka. Bado sijazoea.

Uliponioa ulikuwa mwalimu kule Lubondja, mwenye suruali mbili na maneno mengi. Maneno hayo ndiyo yaliyokupeleka bungeni. Naikumbuka mikutano yako ya kwanza, hapa Baraka na kule Fizi: "Bao bakae kwabo, sisi tukae kwetu!" Watu walishangilia, na mimi nikapiga vigelegele pamoja nao. Sote tulikuwa tumezika watu. Nani angetaka kusikia habari za majirani, wakati vita vilitujia kutoka kwao?

Kisha wavuvi wa Swima wakakamatwa ng'ambo, kwa kuvuka mpaka ambao majini hauonekani. Wake zao walikuja kulala uani kwetu, wakisema hawaondoki mpaka mbunge wao awaletee waume zao. Ulivuka ziwa, ukarudi na wavuvi wote. Wao waliimba tangu bandarini. Wewe ulipita moja kwa moja ndani. Nikakuwekea ugali wa bukari na samaki wa mikeke, hukugusa.

"Ni nini?" nikakuuliza.

"Mama Neema, kule nako nimekuta bamama ku mulango ya prison. Bwana zabo ni bale tumefunga huku kwetu. Balinivuta shati, balisema: depite, uturudishie bantu yetu. Banalia sawasawa na hawa ba hapa."

Tangu siku ile ukawa mtu mwingine. Ulitoka katika chama chako, ukaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji ukisema nchi za ziwa hili ziungane: mvuvi apite, mgonjwa apite, mama mwenye bidhaa zake apite, na mwenye bunduki ndiye azuiwe. Wenzako wa chama wakaacha kupokea simu zako. Barabarani ukapewa jina, "Depite wa Ngambo", yaani mbunge wa ng'ambo, nami sokoni nikawa bibi yake.

Siku ya mkutano wa Swima siisahau. Yaya yako Asukulu, kaka yako mkubwa, ambaye vita vilimwacha peke yake katika nyumba yake, alisimama katikati ya watu.

"Mudogo wangu, bale baliua bibi yangu na batoto yangu balitokea wapi? Haiko kule ngambo? Na leo unasema tubafungulie mulango?"

Nilijua una majibu. Nyumbani nilikuwa nimeyasikia yote. Lakini uliweka kipaza sauti chini, ukashuka, ukaketi kando yake na kumshika mkono. Mkutano ukaishia hapo, watu wakatawanyika polepole kama wanaotoka msibani.

Uchaguzi ulipokuja ulianguka, hata Lubondja kwenyewe. Nilidhani sasa utatulia. Kesho yake ulikunywa chai ukapanda pikipiki. Nikakuuliza unakwenda vijijini kama nani, maana si mbunge tena.

"Naenda kama muntu tu," ulinijibu, ukaiwasha pikipiki.

Siku nchi yetu ilipoingia katika jumuiya, ulicheza uani ukinivuta kwa kitenge changu, huku nakukemea kwamba tunaonekana. Ulikuwa umekwisha kukonda kwa ugonjwa. Tulikuzika kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, wala hukuona yaliyofuata. Vita vimerudi, Baba Neema. Barabara ya Uvira leo inapitika, kesho haipitiki. Wapo wanaoniambia, "Si tulimwambia?" Halafu naona watu wetu wakipanda maboti na vitoto mgongoni, wakipokelewa upande ule ule tuliokuwa tunautukana, na siku hizo nasema moyoni kwamba hukuwa mjinga. Siku nyingine nasema ulikuwa.

Juzi Asukulu alikuja kunisalimia. Alikaa, kisha akauliza:

"Shemeki, we ulikuwa unamuamini?"

"Nilikuwa namupenda," nikamwambia. "Kumuamini, ni siku zingine tu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akajifuta macho. "Mi sikumuamini hata siku moja. Lakini alikuwa anakuya kwangu kila juma, tunabishana mpaka chakula inapoa. Sasa nitabishana na nani?"

Hapo ndipo na mimi nilipolia, mbele yake, bila aibu. Kwa maana tangu uondoke kila mtu ananikubalia. Nikisema hili, ndiyo mama. Nikisema lile, ndiyo mama. Wananihurumia. Hakuna anayegonga meza na kuniambia, "Hapana, Mama Neema, sikia kwanza!" Ningeisikia leo sauti hiyo, ningekupinga neno kwa neno, hata yale ninayokubali, ili tu usimalize kusema.

Pumzika, mume wangu. Nakutamani kila siku.

Mkeo,
Mama Neema