Nati ya Kizaramo

Jumanne, 1 Julai

Marobota ya tumbaku tangu asubuhi. Bega la kulia limevimba. Nimerudi Gongoni, nimeoga, nimekula ugali wa jana, nimekaa kwenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma. Nimepiga tupa kiungo cha shaba cha mkono wa pistoni mpaka jua likazama.

Paka chaki kwenye tupa kwanza, shaba isije ikagandia menoni. Sukuma tu, ukirudi inua. Tupa mpya ianze na shaba, chuma baadaye. Haya yote kanifundisha Stefano.

Stefano amezikwa kwao Bukene mwezi uliopita. Homa ya mapafu. Tulipanga chumba kimoja, tulibeba marobota pamoja. Bado namsubiri aseme, "Taratibu Mzaramo, unakwangua ukoko wa sufuria?"

Injini ni yake. Injini ndogo ya mvuke, inakaa juu ya kigoda. Silinda kaitoa kwenye koki ya bomba, gurudumu ni la cherehani, mikono ni spoku za baiskeli. Boila ni bomba la shaba nyekundu. Kila kipande alikiokota au alikiomba. Haijazunguka hata mara moja.

Ijumaa, 4 Julai

Agnes kapiga simu. Dada yake Stefano. Arobaini ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, nipeleke vitu vya marehemu. Nguo, redio, viatu vya kanisani. Nikasema na injini. Akauliza injini gani. Nikamweleza.

Akasema: "Kile kibati? Mama anasema ndicho kilichomzuia kuoa. Kilete au kitupe, utaamua mwenyewe kaka."

Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Naitaka injini hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika.

Tena njia ipo. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi. Watani. Kwa utani naweza kukamata kitu cha marehemu mbele ya watu wote. Ndugu wakitaka wakikomboe. Wasipokikomboa ni changu, na hakuna wa kununa. Nani atakomboa kibati?

Lakini sikufanya kazi yangu siku ya mazishi. Mtani anatakiwa kuwachekesha wafiwa, azuie jeneza, adai apikiwe kwanza. Mimi nilikaa chini nikalia. Mama mmoja mzee akasema kwa sauti, "Mtani gani huyu? Mmekosa mwingine?"

Jumapili, 6 Julai

Kwihara kwa miguu. Fundi baiskeli wa huko kanipa gololi na springi, za vali ya usalama. Mvuke ukizidi unaisukuma gololi, unatoka. Bila vali hiyo boila ni bomu. Kaniazima na bomba la kupigia grisi, nitalihitaji kwa majaribio. Hakutaka chochote. Alimjua Stefano.

Njia ile ndiyo waliyopita wapagazi wa zamani. Stefano alikuwa akisema babu zake walibeba mizigo hadi kwetu pwani, wakatukanana na babu zangu kwa chakula na maji, wakaishia kucheka. Ndiyo utani ulivyoanza. "Tulibeba pembe, tukakuta ninyi mmebeba midomo tu."

Leo nilicheka peke yangu njiani. Mwanamke mmoja akavuka upande wa pili.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Nimeharibu.

Nilitaka kufungua mfuniko wa boila nijaze maji ya majaribio. Umefungwa kwa nati moja kubwa ya shaba ya njano. Haikufunguka. Nikatia mafuta ya taa, nikangoja. Haikufunguka. Nikavisha spana kipande cha bomba ili ipate urefu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Kitu kikalia. Nati haikusogea, ila kitako chake kimeng'oka kwenye boila. Lehemu imepasuka.

Nikatukana mpaka Mama Resti mwenye nyumba akatoka jikoni. Anauza chai na chapati barazani, anapikia mtungi mkubwa wa gesi. Akaichukua nati, akaigeuza mkononi.

"Hii si ya mtungi wa gesi? Baba, hizi zinafunguka kinyume. Hukuniona mimi nikibadilisha mtungi?"

Akaizungusha kwa spana upande ambao mimi nilidhani ni wa kukaza. Ikalegea, ikamalizikia kwa vidole.

Nikakaa chini. Kila nilipoishika nati ile Stefano alikuwa akisema, "Hiyo iache, hiyo ni Mzaramo." Siku nyingine: "Mzaramo huyo, mwambie njoo anakwenda." Nilidhani ananitania. Nikawa namjibu matusi, naye anacheka, basi yanaishia hapo.

Alikuwa anaitania nati. Na alikuwa ananieleza. Mjinga mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Risasi ya kulehemia sufuria haifai kwenye boila. Moto ukipanda inalainika. Inatakiwa lehemu ya fedha. Mafundi friji ndio wanayo, hutumia kwenye mabomba yao. Nimempata mmoja karibu na stendi. Akanitazama nguo akacheka. Akaitazama boila, akaacha kucheka.

Kabla ya kupeleka niliilaza shaba usiku kucha kwenye maji ya ukwaju. Asubuhi inang'aa kama ndani ya kikombe kipya. Lehemu haishiki uchafu wala alama ya kidole. Hilo nalo ni la Stefano.

Fundi alipasha kitako polepole kwa kuzunguka, lehemu ikakimbia pande zote kama maji. Akasema aliyetengeneza hii ana mkono. Nikasema ndiyo, anao. Sikumwambia zaidi.

Jumapili, 13 Julai

Jaribio la maji. Unajaza boila maji mpaka pomoni, hewa isibaki hata kiputo, kisha unasukuma kwa bomba la grisi lililojazwa maji, geji ya kupimia nguvu ikionyesha. Usijaribu kwa upepo. Hewa iliyobanwa ikipata upenyo inarusha vyuma usoni. Maji yanachuruzika tu. Sukuma mpaka mara mbili ya nguvu ya kazi, kisha acha, tazama mshale.

Nilitoka nje nikavuta sigara. Nikarudi. Mshale ulikuwa palepale. Nikapitisha kidole kwenye maungio yote. Kavu.

Niliogopa kuliko siku niliyoanguka na robota ngazini.

Jumatano, 16 Julai

Spiriti ipo. Maji yapo. Boila ni nzima. Naweza kuiwasha sasa hivi.

Siwashi. Kama ni yangu, nitaiwasha nikishaikamata. Kama ni yao, wa kwanza kuiona wawe wao. Nimeifunga kwenye shuka la Stefano.

Mke wangu kapiga simu kutoka Kisarawe. Anauliza nitarudi lini. Nimesema msimu ukiisha. Anauliza kwa nini sauti iko hivyo. Nimesema vumbi la tumbaku.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi leo kutoka Bukene. Naandika yote kabla hayajachanganyika.

Nilikwenda kwa treni ya Mwanza, injini mapajani. Jana misa asubuhi, mimi nikakaa nje na Waislamu wawili wa kijijini. Wazee wakanisalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikajibu vibaya wakacheka. Baada ya chakula vitu vya Stefano vikatandazwa mkekani. Nguo zilikunjwa vizuri. Injini ilikuwa pembeni, hakuna aliyeigusa. Mama yake alikaa ukutani, miguu ameinyoosha, hatazami mkeka.

Nikaruka. Nikaikumbatia injini, nikakimbia nayo katikati ya uwanja. Nikapiga kelele kwamba naipeleka Uzaramo, kwamba marehemu alikula ugali wangu akanilipa kukoroma, kwamba Wanyamwezi sasa wanakufa ili wasibebe marobota. Kisha Agnes akacheka, kicheko kile cha mtu aliyechoka kulia. Wengine wakafuata. Yule mama mzee wa siku ya mazishi akapiga vigelegele: "Kumbe mdomo anao! Siku ile aliusahau kwao!"

Nikauliza nani anakomboa. Hakuna. Mjomba mtu akasema, "Nenda nacho, Mzaramo, ukapikie dagaa!"

Ilikuwa yangu. Ningenyamaza ningeondoka nayo.

Sikunyamaza. Neno lile la dagaa liliniuma. Nikasema hamjui mnachokikataa. Nikaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, nikajaza maji, nikakaza Mzaramo kinyume, nikawasha spiriti. Watu wakasogea. Ikakaa muda mrefu bila kitu, wakaanza kunizomea. Kisha vali ikatoa mluzi mwembamba. Nikalisukuma gurudumu kwa kidole. Likagoma. Nikasukuma tena.

Likaenda.

Sauti yake ni ndogo. Inapumua kama mtu aliyelala. Stefano hakuisikia hata siku moja.

Mama yake alisimama. Akaja, akainama, akaweka kiganja karibu na gurudumu apate upepo wake. Akakaa hivyo mpaka spiriti ikaisha na gurudumu likasimama. Akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi na jogoo amemfunga miguu, akamweka mbele yangu.

"Nakomboa," akasema.

Sikutaka. Kila kitu ndani yangu kilikataa. Lakini nilishauliza mbele ya watu, na utani hauna kurudi nyuma. Nikamnyanyua jogoo nikampima mkononi. Nikasema, "Mwembamba hivi? Spoku ina nyama kuliko huyu." Watu wakacheka. Yeye pia, kidogo, kwa pua.

Ilipopoa nikamwonyesha kumwaga maji, yasibaki ndani kuila shaba. Nikamshikisha nati. Nikamwambia hii inakwenda kinyume, mwanao aliiita Mzaramo. Akanitazama. "Mzaramo," akasema, akaizungusha. Ikatoka mara moja.

Kituoni nililia. Jogoo alinitazama.

Jumatano, 23 Julai

Marobota. Bega afadhali.

Mama Resti anauliza jogoo tunamchinja lini. Nimesema bado. Nimemfunga kwenye mguu wa meza ya jiliwa, anadonoa vumbi la shaba lililobaki sakafuni. Nimelifagia lisije likamdhuru.

Agnes kaandika ujumbe. Injini iko juu ya kabati, pembeni ya picha. Mama haruhusu mtu kuigusa. Jumapili aliiwasha mwenyewe.

Mama Resti amenipa koki ya bomba iliyokufa. Nzito, shaba nzuri, inatosha silinda. Nimeibana. Nimepaka tupa chaki.