Mume Wangu Hupumua Akiketi, Wao Wanamlaza

Kwa Mwalimu Saïda, Mahajanga.

Baada ya salamu, mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kwa sababu Ijumaa hii shemeji yangu anarudi na watu wake na sijui nitasimamaje mbele yao. Mimi ni Echa, mke wa Abdourahamane mfua fedha, huku Nosy Be, na huenda unalijua jina lake maana ndiye aliyefua vikuku vya jumba la mfalme wa Boina, na mikono ile leo haiwezi kushika hata kikombe. Yalianza kwa miguu kuvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, kisha akawa anataka mto wa pili, wa tatu, mwisho akawa halali kabisa, anaketi ameegemea ukuta na kusinzia hivyo hivyo, nami nikadhani ni ukaidi wa ugonjwa.

Sasa shemeji yangu Zoubeiri, mkubwa wa nyumba, alipomwona amekonda uso na midomo imebadilika rangi alisema huyu anakata roho, na anayekata roho hulazwa akaelekezwa Kibla, basi wakamlaza chali. Mwalimu, alipolazwa tu akaanza kuhema na kukoroma, povu likamtoka, wakaanza Yasini, wanawake wakalia, akawa kama anakwenda, nami nikamwinua nikamwegemeza kifuani pangu, na haukupita muda pumzi zikatulia akaomba uji. Amelazwa mara nne sasa na mara nne amerudi, na sanda imekwisha kukatwa, ipo juu ya kasha, yeye mwenyewe anaiona. Zoubeiri ananiambia, "Shemeji, unamrudisha nyuma mtu aliyekwisha kuaga. Unamtesa kwa mapenzi yako."

Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Mara ya nne niliyaamini maneno yake, nikaona kweli mimi ndiye mtesaji, nikamshika mume wangu mabega nikamlaza kwa mikono yangu na nikamkandamiza alipotaka kuinuka, naye hakuweza kusema, akanitazama tu, hata nikamwachia. Tangu siku hiyo hatujasemezana. Nikimlaza nahisi namuua, nikimketisha wanasema namnyima kufa akielekea Kibla. Nifanye nini?

Echa, Nosy Be

*

Echa, kama wamemlaza wakati unasoma haya, weka karatasi chini ukamwinue kwanza. Ukirudi, endelea.

Umerudi? Basi nisikilize. Hakuna mtu akataye roho mara nne, mwanangu. Mumeo anazama, na mnaomzamisha ni ninyi, Msahafu mkononi. Nimewauguza wagonjwa wa namna hii hapa Mahajanga na kule Belobaka, baba yangu mzazi akiwa mmoja wao. Moyo wao umechoka. Wakiketi, maji hushuka miguuni, ndiyo huo uvimbe. Wakilazwa, maji hupanda kifuani, moyo hauwezi kuyasukuma, na pumzi haina pa kuingia. Umeona miguu yake ikinywea akilala. Ulidhani yale maji yamekwenda wapi? Mwili wake ulikuwa umekwisha kumfundisha namna ya kukaa, nawe ukamwita mkaidi.

Kuhusu Kibla, mwambie Zoubeiri, kwa heshima lakini bila kutetemeka, kwamba kinachoelekezwa ni uso. Mgonjwa asiyeweza kusimama huswali ameketi, na hilo shemeji yako analijua tangu chuo cha Kurani. Aliyeruhusiwa kumwabudu Mungu ameketi atakatazwaje kupumua ameketi? Geuza kitanda, mumeo aketi akitazama kaskazini, na maneno yaishe. Zoubeiri akishikilia yake, mwambie alale yeye chali, mtu amkalie kifuani mpaka Yasini moja iishe, kisha aniandikie.

Weka makanda mawili ya mchele nyuma ya mgongo wa mgonjwa, na mito juu yake, miguu ining'inie chini. Chumvi aache kabisa, samaki wa chumvi asimwonje. Uji mwepesi, kidogo kidogo. Moshi wa ubani utoke chumbani, na waliaji watoke pamoja nao. Na hiyo sanda, mna moyo gani ninyi? Ikunje uifungie kashani.

Sitakudanganya: hatapona. Moyo uliofika hapo haurudi kuwa wa kijana. Huenda ana miezi, huenda ana siku, na hilo si langu wala la Zoubeiri. Ila siku yake ikifika aende kwa sababu imefika, si kwa sababu watu wake wamemshika mabega.

Na lile lililokutia haya: ndiyo, ulikosea. Ulimwamini shemeji kuliko macho yako. Mimi si wa kuombwa radhi, wala usingoje Ijumaa. Nenda ukae mbele ya mumeo leo, umwambie kwa kinywa chako. Akiwa ameketi, ana pumzi ya kukujibu.