Fundi Niliyesema Ana Mafua

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Mtongwe tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Nimesomewa uliyoandika juu ya hizo nyimbo mpya za magitaa. Mmoja umeuponda kwelikweli! Sasa waniuliza kama nami niliwahi kuusema wimbo nikajuta.

Naam. Miaka michache kabla ya uhuru, kaka yangu Salim alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kila akileta santuri mpya, majirani walingoja niseme neno, maana masikio yangu yalisifika. Siku moja akaleta ya fundi cherehani wa hapa Likoni, santuri yake ya kwanza. Nikaisikiliza mara moja tu, nikasema, "Huyu ana mafua." Watu wakacheka, na neno hilo likafika mjini kabla ya wimbo.

Baadaye nikamsikia fundi mwenyewe akiimba harusini. Wallahi, sauti haikuwa na doa. Nikarudi kwa Salim.

"Sindano ya gramafoni uliibadilisha lini?"

"Kwani imevunjika?"

Tukatia mpya, tukapiga santuri ileile. Mafua hayakuwamo.

Niliwaendea majirani nikasema nimekosea. Wakacheka tena, wakaendelea kumwita Mafua. Fundi alishona nguo mpaka uzeeni. Santuri ya pili hakutoa.

Ile ya kwanza ninayo, ukija nitakupigia. Na wewe, wimbo wa watu uliusikilizia wapi? Kwenye kile kisimu chako kilichoingia maji?

Ni mimi bibi yako,
Rehema