Utupa wa Mto Sepaya

Nyumba ya Chini, Sepaya
9 Agosti 1957

Kwa mdogo wangu Saang,

Salamu nyingi zikufikie wewe na baba huko juu ya mto. Mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima, mioyo ndiyo haina afya.

Asubuhi nilishuka kuteka maji nikakuta samaki wamegeuza matumbo juu, tangu kwenye mwamba mpaka chini ya ngazi yetu, hata vidagaa visivyofika kidole. Mama mkwe wangu, unajua haoni, akaniuliza, "Lulong, nani amekufa mtoni?" Hapo nikajua mmetwanga mizizi ya mtupa, mkatia sumu yake mtoni kulevya samaki.

Saang, tangu lini watu wa juu wakatia utupa bila kuwaarifu wa chini? Tungekuja na nyavu zetu, tukacheka, tukala pamoja kama zamani. Sasa tutakula nini hadi mvua zianze?

Mume wangu Kelambu ananoa tu panga. Anayepayuka ni mdogo wake Entri: "Shemeji, ndugu zako wametulisha mizoga!" Mwambie baba alete nguruwe na neno la kuomba radhi, yaishe.

Barua hii nampa Mchina wa duka, mashua yake inapanda kesho.

Dada yako,
Lulong

—

Nyumba ya Juu
15 Agosti 1957

Dada mpenzi,

Hatujambo. Mgongo wa baba unamsumbua anapotakiwa kufanya kazi tu. Akiitwa kunywa pombe ya mchele hunyooka.

Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akakohoa. "Nguruwe? Wao walipotia utupa mwaka jana, walituletea hata mkia wa samaki?" Na kweli, dada, hawakutuletea. Wewe umeolewa huko, lakini usisahau ulikozaliwa.

Mwambie shemeji Kelambu panga likinolewa sana huisha. Na huyo Entri apunguze kelele, ndevu zenyewe hajaota.

Juma lijalo tunatwanga tena, kwenye kidimbwi cha Batu. Mizizi tumekwisha kuichimba kwenye shamba la marehemu mama, minene kama mkono wangu. Mlitaka kuarifiwa? Haya, mmearifiwa. Waje, kama ni wanaume.

Mdogo wako,
Saang

—

Nyumba ya Chini
2 Septemba 1957

Saang,

Sikusalimu.

Walimleta mchana, amelazwa katika mtumbwi juu ya samaki. Chusa lako la kuchomea samaki lilikuwa bado shingoni mwake, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Nililichomoa mimi. Damu ilinirukia machoni na mdomoni, nikaimeza damu ya mume wangu. Alikuwa bado hai, Saang. Alinishika mkono akawa anafungua mdomo kama wale samaki wenu, hadi vidole vikalegea.

Wenzake wanaapa panga alikuwa ameliacha nyumbani kwa kuwa nilimlilia, na kwamba mkononi alikuwa na gongo.

Mama mkwe alimpapasa mwanawe usoni mpaka kwenye tundu, akatia kidole ndani kupima kina chake. Hakulia. Akaniambia, "Hili kalifanya ndugu yako. Nenda kaoge."

Nimesikia askari wamekuchukua. Usiniandikie. Sina ndugu.

Lulong, mjane wa Kelambu

—

Jela ya Kuching
18 Mei 1958

Dada yangu,

Sijui kama ninaruhusiwa kukuuliza hali. Nakuuliza hivyo hivyo: hujambo?

Mimi ni mzima. Nimehukumiwa miaka sita.

Siku ile tulikuwa tunacheka. Tui la mtupa lilikuwa limeenea majini, samaki wanaruka kama walevi, watoto wanawadaka kwa mikono. Mitumbwi yenu ikafika. Shemeji alipitiliza mpaka kwa baba, akaupindua mtumbwi tuliotwangia mtupa. Baba akatumbukia nao. Nikaona ameinua mkono juu ya kichwa cha baba. Nikatupa chusa.

Lilikuwa gongo, si panga. Nililiona lilipoelea.

Usipojibu nitaandika tena.

Mdogo wako, ukinikubali,
Saang

—

Nyumba ya Chini
20 Februari 1963

Saang,

Hujambo? Mimi nipo. Barua zako zote nilizipata.

Nakuandikia mambo mawili. Baba amefariki. Nilipanda kumzika, na watu wa huku hawakunizuia.

La pili ni Entri. Tangu siku ile hajakata nywele. Kila jioni hukaa ngazini na panga la kaka yake, anatazama mto. Nilimwambia, "Entri, oa basi." Akanijibu, "Nina kazi kwanza, shemeji."

Ukitoka mwezi ujao, maadamu wamekupunguzia kifungo, usipite kwetu. Pita njia ya mlimani uende nyumbani, ukae huko.

Lulong

—

Kuching
6 Machi 1963

Dada,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako hata nikasahau kusikitika. Kisha nikamlilia baba.

Nitapita mlimani, kama ulivyosema. Lakini nitachukua mtungi mkubwa wa mama na nguruwe, viwe fidia ya damu, niteremke kwenu mchana, watu wote wakiona. Siwezi kuzeeka juu ya mto huku nikiwakwepa watu wa chini. Entri na aniambie usoni atakalo.

Saang

—

Nyumba ya Chini
11 Mei 1963

Saang,

Unaendeleaje hospitalini? Bega linapona? Sisi tunaendelea. Barua hii anaiandika mwalimu wa misheni, mimi natamka. Wanasema hukumbuki kitu, kwa hiyo nakueleza mwenyewe.

Ulifika na mtungi mabegani. Ulisema, "Nimeleta maisha badala ya maisha." Wazee walikuwa wamekwisha kusimama kukupokea. Entri akashuka ngazi mbio. Pigo la kwanza lilipasua mtungi, likaingia begani. Ulianguka kifudifudi, hukuinua mkono. Akainua panga tena, juu ya shingo.

Nililidaka. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilidondoka kwenye matope, mbele ya macho yake. Akavitazama. Akalitupa panga mtoni, akapiga magoti akaviokota kimoja kimoja, anavifuta kwa nywele zake, huku anasema, "Shemeji, shemeji, nivirudishe vipi?"

Usidhani nilifanya hivyo kwa kukupenda. Nilimwonea huruma yeye. Nilijua jela imekufanya nini, na mama mkwe hana mwana mwingine. Labda na wewe kidogo. Sijui.

Nguruwe wako tulimchinja jioni, wazee wakamwaga damu yake ngazini. Mama mkwe alikula.

Entri yuko hapa, ameketi nyuma ya mwalimu. Nimemuuliza kama ana neno kwako. Anasema hana. Nikamwambia mwalimu aliandike hilo pia. Kisha Entri akasema, bila kugeuka: "Mwambie akipona apite ngazi ya mbele."

Dada yako,
Lulong
(kidole gumba cha kushoto)