Nimekuona Kutoka Mnarani

Aleksandria, 1 Oktoba 1984

Kwa Baba yangu,

Salamu zikufikie wewe na Mama, na yeyote katika uchochoro wetu ambaye bado ananiulizia, kama yupo. Mimi mzima. Shule imefunguliwa, wasichana wamejaa darasani hadi wengine wanakaa dirishani, na sauti yangu imeanza kukauka kama kila mwaka.

Barua yako fupi nimeipata. Unasema moyo wa Mama umevimba, daktari amemkataza ngazi, na Mungu ndiye mponyaji. Baba, sentensi hiyo ya mwisho huandikwa na mtu aliyeambiwa jambo na daktari akashindwa kuliandika.

Nataka kuja kumwona. Najua utaniambia kuhusu kiapo. Mimi nilikwenda mahakamani kutengana na Mahrus, mtoto wa kaka yako, kwa sababu alinivunja taya. Siku hakimu aliponipa haki yangu ulisimama katikati ya uchochoro, mbele ya mwokaji na kinyozi, ukaapa kwamba nikikanyaga uchochoro ule au kizingiti chako, Mama ameachika talaka tatu. Mimi niliomba talaka yangu. Wewe ukaichukua ya Mama ukaitega mlangoni kama mtego wa panya. Nikiingia mimi, ananaswa yeye.

Wanaume wa Kairo mna nini? Nyanya zikipanda bei, talaka. Timu ikifungwa, talaka. Mgeni akikataa kikombe cha pili, "Talaka juu yangu, lazima unywe!" Mke yuko jikoni anakaanga biringanya zake, hajui kwamba ndoa yake inaning'inia kwenye chai ya mtu mwingine.

Nimemuuliza sheikh wa hapa. Anasema mtu akiapa hivyo kwa kutisha tu, kisha akajuta, atoe kafara: alishe maskini kumi, yamekwisha. Maskini kumi, Baba! Wewe unaamka alfajiri kulisha njiwa.

Nangoja jibu, na safari hii usijifiche nyuma ya Mungu.

Mwanao,
Insaf


Bulaq, Kairo, 7 Oktoba 1984

Kwa binti yangu Insaf, mwenye ulimi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima ila magoti. Mama yako hajambo kiasi cha kunigombeza, basi shukuru.

Umeniandikia kama mwendesha mashtaka. Mimi nimejalidi vitabu vya sheria maisha yangu yote, na kila nilichokishona nilikisoma kwanza. Sheikh wako kasema "kwa kutisha tu". Hapo ndipo mlango ulipofungwa, mwanangu. Mimi siku ile sikuwa natisha. Nilimaanisha kila herufi. Leo nijifanye nilikuwa natania? Nimdanganye Mwenyezi Mungu ili mambo yaninyookee? Nilikosea kuapa, nakiri mbele yako. Lakini kosa silifuniki kwa uongo.

Mama yako sasa analala chumba cha mbele, chini ya banda la njiwa. Nimemsomea barua yako, naye kaniamuru niandike maneno yake bila kupunguza hata moja: "Mwambie huyo ng'ombe avae sweta, Aleksandria ina upepo. Na mwambie bega langu la kulia bado limeganda, mkono haufiki hata sikioni. Ungefika, ningemtupia kiatu hukohuko aliko."

Kisha akawa anatazama dirishani. Mara akaniita.

"Baba Insaf. Mnara umo kwenye kiapo?"

"Mnara gani, mwanamke?"

"Huo hapo ng'ambo ya mto, unaotuchungulia jikoni miaka yote hii. Uliapa uchochoro na kizingiti. Uliapa na mnara?"

"Sikuapa mnara."

"Basi apande kama watalii wanavyopanda, atazame huku. Mimi mnibebe ngazi moja tu mpaka juu ya paa. Macho yangu yameisha, sitamwona. Lakini nitajua natazamwa."

Nimekipekua kiapo changu pande zote. Mnara haumo. Sema siku, nami nitarusha njiwa ili ulitambue paa letu. Hao wanaujua mkono wangu peke yake. Jirani akizungusha wake, wanamtazama kama wanavyomtazama karani wa kodi.

Baba yako


Aleksandria, 13 Oktoba 1984

Kwa Baba,

Salamu, na mguse Mama kichwani kwa niaba yangu. Mimi mzima wa mwili. Kwa hasira ni mgonjwa.

Kwa hiyo niwe mtalii. Mnara ule niliuona ukijengwa nikiwa msichana, na wewe mwenyewe ulinifundisha kuucheka, ukisema ni bomba la maji lililovishwa wavu. Hakuna mtu wa Bulaq aliyewahi kuupanda. Leo ninunue tiketi, nisimame na watu wa Ulaya, nimtazame mama aliyenizaa kama wao wanavyotazama piramidi.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili. Mke anatafuta mwanya kwenye kiapo cha mumewe kama mfungwa anayepapasa ukuta akitafuta ufa, na mwenye gereza amemshikia taa. Unajiona mwema, Baba, kwa sababu umemshikia taa. Funguo unazo!

Lakini nitakuja, kwa sababu Mama ameniita. Ijumaa tarehe 26, alasiri, jua likiwa nyuma yangu na likiwaangazieni ninyi. Mvishe gauni lake la njano, lile la Idi, nisimchanganye na nguo zilizoanikwa. Usiku huohuo nitarudi kwa treni.

Mwambie sweta ninayo.

Mwanao,
Insaf


Bulaq, 20 Oktoba 1984

Kwa Insaf,

Salamu za nyumba hii zikufikie. Mimi mzima. Mama yako pumzi zimekuwa fupi, na hawezi kulala ila akiwa ameketi. Sikufichi.

Tumefanya majaribio ya kumpandisha kwa kiti, mimi na Sidhum kinyozi. Njia nzima alikuwa anatukana. "Mnanibeba kama kabati! Sidhum, hayo ndiyo unayovifanyia na vichwa vya watu?" Sidhum alicheka nusura amwangushe. Juu akakaa akipigwa na jua. Njiwa walimtembelea miguuni.

Gauni tumelitoa sandukuni. Limekuwa pana, amelibana kwapani kwa pini.

Anasema: "Mwambie asivae visigino, lifti ikiharibika atashuka kwa miguu. Na asile huko juu, watamnyoa kwa bei zao mchana kweupe. Na asilie mbele ya wageni, si adabu."

Tutakuwa juu ya paa siku hiyo, Mungu akipenda.

Baba yako


Mnarani, Ijumaa, 26 Oktoba 1984

Baba! Mama!

Salamu kutoka juu. Mimi mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Nimekaa kwenye mkahawa wa huku, nimeagiza chai moja tu (Mama, chai tu, sikula).

Chini pale mwenye lifti aliona kofia yangu na kamera niliyoazima akaniinamia. "Karibu sana Misri, madamu!"

"Misri ni kwangu, wewe. Nimetoka Bulaq."

Akasahau kubonyeza. "Mtu wa Bulaq! Humu! Umepotea dada, au unatafuta mume?"

"Mume nilishamrudisha dukani."

Lifti nzima ikacheka, hata Wajerumani ambao hawakuelewa.

Juu wote walikimbilia upande wa magharibi. Mama mmoja wa Tanta akanivuta mkono: "Dada, piramidi ziko huku." Nikamwambia ninachokitafuta ni kikubwa kuliko hizo. Akanipisha, akidhani nimechanganyikiwa.

Nikatia sarafu kwenye darubini. Mto, kisha maghala, kisha mapaa yetu, mbuzi, makabati mabovu, nguo. Njiwa sikuwaona angani, nikapata hofu. Ndipo nikaliona banda lako lenye bendera nyekundu, na chini yake, kwenye kiti, gauni la njano.

Mama, nimekuona!

Ulikuwa umejifunika ushungi hadi usoni, umeinama. Nikasema amelala, au amekasirika. Nikakuita kwa sauti, mpumbavu mimi, watu wakageuka. Na kama vile umenisikia, ukasimama! Nani kasema hawezi kusimama? Ukanyanyua mkono juu kabisa, ukauzungusha na kuuzungusha, na njiwa wote wakatoka bandani wakapaa juu yako, wakazunguka na mkono wako. Kisha sarafu ikaisha, darubini ikafumba jicho. Nilipotia nyingine, kiti kilikuwa kitupu.

Nimelia mbele ya wageni, unisamehe. Baba, ulikuwa wapi wewe? Nimekutafuta paa zima sikukuona. Na nani anaoa? Nimeona wanafunga vitambaa vya hema mdomoni mwa uchochoro wetu. Mwambieni bwana harusi nimemtakia heri, na kwamba akiapa, aape kwa mambo yake mwenyewe.

Nafunga, wanataka meza yao.

Mwanenu,
Insaf


Bulaq, 31 Oktoba 1984

Kwa binti yangu Insaf,

Salamu nyingi. Sisi sote hatujambo.

Barua yako ya mnarani imefika na imetufurahisha. Mimi siku ile nilikuwa nyuma ya banda, ndiyo maana hukuniona. Harusi ilikuwa ya mtoto wa mwokaji.

Mama yako anasema anakupenda sana, amekuridhia, na unapaswa kutunza afya yako. Usije tena mnarani. Kipupwe kinaingia na upepo wa huko juu si mzuri.

Baba yako


Aleksandria, 5 Novemba 1984

Kwa Baba yangu,

Salamu zako zimenifikia. Za Mama hazikunifikia, kwa sababu hakuzituma.

Mama hakuniambia hata siku moja kwamba ananipenda. Aliniambia nivae sweta. Nilipovunjwa taya alinilisha uji kwa kijiko siku zote zile, na kila kijiko alinitukana. Ukitaka kuandika maneno ya mwanamke yule, Baba, ulipaswa kunitukana. Ulimsikiliza maisha yako yote na hukujua hilo?

Nilipoisoma barua yako nilirudi mnarani, kwa akili tu, nikatazama upya. Bega lililoganda halikunyanyua mkono ule. Na njiwa hawakupaa kwa ajili ya gauni. Walipaa kwa sababu wanamjua mwenye mkono.

Na hema. Vitambaa vilevile vya maua mekundu tunafungia harusi, na vilevile tunafungia matanga. Mtu wa Bulaq akiviona kwa mbali hasemi kitu, hungoja asikie kwanza, zumari au Kurani. Mnarani hakuna sauti inayofika. Nikachagua zumari.

Kwa hiyo Mama alikufa kabla ya Ijumaa ile, pengine siku moja tu kabla. Mlimzika mchana, na alasiri mimi nilikuwa naagiza chai.

Hukuweza kumdanganya Mungu kwa neno moja, ili niingie nimshike mkono. Ukaweza kunidanganya mimi kwa gauni zima.

Nimekuchukia, Baba. Nimekuchukia darasani na sokoni, nikiwa naosha uso. Lakini kila nikifumba macho naona kitu kingine. Namwona mzee aliyetoka makaburini na vumbi miguuni. Waombolezaji wake wamekaa chini wanamngoja apokee mikono yao. Yeye anapanda ngazi kwa magoti yale mabovu, anajipenyeza kwenye gauni la marehemu mke wake, lenye pini kwapani, na anakaa kwenye kiti alichokalia mkewe, kwa sababu binti yake amepanda treni kuja kuona rangi ya njano. Majirani walikuona? Sidhum alikuona? Wewe uliyenikataza uchochoro usije ukachekwa?

Sijui nifanye nini na mzee huyo. Laiti angekuwa mwovu tu, ningejua.

Sasa nisikilize, maana nami nimesoma. Vitafute vitabu vyako vyote ulivyovishona uone kama kuna kimoja kinachosema mwanamke aliyekufa anaweza kuachika. Hakipo. Kiapo chako kimezikwa naye. Mtego bado uko mlangoni lakini hauna wa kumnasa. Ndiyo maana hukuniletea simu ya maandishi, sivyo? Ulijua kwamba saa ile aliyokata roho ndiyo saa niliyoruhusiwa kuingia. Ulishindwa kuniandikia, "Njoo, sasa unaweza." Ilimbidi Mama afe ndipo mlango ufunguke, na ulipofunguka hukuniambia. Mazishi yake nimeyakosa kwa sababu ya haya yako.

Sitaki unijibu. Alhamisi nachukua treni ya asubuhi. Nitapita katikati ya uchochoro, nitasimama palepale uliposimama, mbele ya mwokaji na mbele ya Sidhum, niwape mkono wa pole na wanipe. Kisha nitapanda ngazi. Usije kunipokea chini, kaa na magoti yako.

Siji kukusamehe. Hilo tutagombana, tukijaaliwa, muda mrefu. Nakuja kulifua lile gauni. Usiliguse, wala usimpe jirani alifue. Liache lilivyo, na pini zake, na jasho lenu nyote wawili.

Sweta nitavaa.

Mwanao, ng'ombe wa Mama,
Insaf